Shajara ya mradi: jengo, jua na udongo katika uchoraji wa Marekani

Januari, wiki ya pili

Mradi umeanza. Tunatengeneza rekodi za sauti kwa Kiswahili kuhusu wachoraji wa usasa wa mwanzo wa Marekani, kwa ajili ya majirani zetu hapa Lancaster, Pennsylvania. Wengi wametoka Kivu, na baadhi yao walikaa miaka kwenye kambi za Tanzania, Burundi au Uganda kabla ya kufika huku. Kila rekodi inachukua picha moja. Msikilizaji anaweza kuwa amesimama mbele ya picha yenyewe, au ameifungua kwenye simu, au yuko ndani ya basi anarudi kutoka zamu ya usiku na macho yamechoka. Huyu wa kwenye basi ndiye ninayemwandikia. Maneno yakimfikia yeye, wengine nao yatawafikia.

Uzi wa mfululizo ni mmoja: majengo na maumbile ya asili, kuanzia mwaka 1912 hadi 1932 hivi. Kwa kawaida mambo haya mawili hutenganishwa. Huku huwekwa wachoraji wa maghorofa na mitambo, kule wachoraji wa maua, milima na bahari. Lakini ukisoma majina unakuta ni watu walewale. Charles Demuth aliyechora maghala ya saruji ndiye aliyechora maua ya zinia na bilinganya. Georgia O'Keeffe anayejulikana kwa maua yake makubwa alichora New York kwa miaka kadhaa mfululizo. John Marin aliyechora ghorofa refu kuliko yote duniani wakati huo alikuwa akienda Maine kuchora visiwa na mawimbi. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hawakubadilisha macho walipohama kutoka shambani kwenda mjini. Walilitazama jengo kwa maswali yaleyale wanayouliza kuhusu mlima: jua linalipiga wapi, kivuli chake kinaangukia nani, linaziba nini nyuma yake.

Tuko wachache. Mimi naandika, dada mmoja mwenye sauti nzuri anasoma, na tuna wazee wawili wanaosikiliza kila rekodi kabla haijatoka: Papa mmoja ambaye Bukavu alikuwa fundi mwashi, na Mama mmoja wa Uvira. Hawa wawili hawana simile na maneno yasiyoeleweka.

Januari, mwishoni

Picha ya kwanza ni ya mtu wa mji huu. Demuth alizaliwa Lancaster mwaka 1883 na akafia hapa Oktoba 1935. Nyumba ya familia yake kwenye Mtaa wa East King sasa ni makumbusho yake. Tangu utotoni alitembea kwa fimbo kwa sababu ya ugonjwa wa nyonga, na ukubwani akapata kisukari, akawa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza Marekani kutibiwa kwa insulini. Alikuwa amekwisha kuionja Paris, na marafiki zake walikuwa New York, lakini mwili ulimrudisha nyumbani kwa mama yake.

Mwaka 1927 alichora maghala ya nafaka ya kampuni ya John W. Eshelman and Sons, watengenezaji wa chakula cha mifugo hapahapa Lancaster. Picha akaiita My Egypt, Misri Yangu. Sasa iko Whitney Museum, New York. Si kubwa, ni kama sentimita 91 kwa 76, lakini ukiwa mbele yake shingo inakwenda nyuma yenyewe. Tunasimama chini kabisa. Mbele yetu yamepanda maghala mawili ya mviringo, meupe yanayoelekea kijivu, yamebanana kama mapacha, na juu yake kuna kibanda cha mitambo kinachoyaunganisha. Miguuni kuna mapaa ya majengo madogo, mekundu ya matofali. Kutoka pembe za juu miale imekatiza picha nzima kwa mshazari, imenyooka kana kwamba imepigwa kwa rula, na pale inapopita, anga hubadilika rangi na ukuta pia hubadilika. Mwale mmoja unapita juu ya anga na juu ya saruji bila kusimama mpakani.

Hapo ndipo nimekaa muda mrefu zaidi katika rasimu. Wachoraji wa Paris walikuwa wamekwisha kuvunja vitu vipande kwa njia ya kubizimu: gitaa, chupa, uso. Demuth hakulivunja ghala. Lenyewe limesimama zima, unaweza kumwonyesha fundi akalijenga. Kilichovunjwa ni hewa iliyo mbele yake. Mwanga ndio wenye kingo kali, ndio wenye uzito, na saruji imelainika. Nikiambiwa nichague picha moja inayoeleza uzi wa mfululizo huu, ni hii.

Suala la jina lilikuwa na majibu mengi. Kaburi la Tutankhamun lilifunguliwa 1922 na magazeti yalijaa Misri, kwa hiyo piramidi zilikuwa kwenye midomo ya watu. Wengine wamesema Misri hapa ni ile ya utumwa wa Waisraeli, yaani mji mdogo uliomfunga mgonjwa. Nilisoma yote mawili mbele ya wazee. Mama akanikatiza kabla sijamaliza.

"Mwanangu, hayo ni maghala ya Yusufu. Miaka saba ya shibe, miaka saba ya njaa. Misri ni mahali pa kuweka nafaka."

Papa akatikisa kichwa kukubali. Nimeiingiza kauli ya Mama kwenye rekodi, kwa sauti yake mwenyewe, na naona ndiyo inayolifungua jina kuliko yale mengine. Jengo lile lilikuwepo kwa sababu ya mahindi na ngano za mashamba yanayouzunguka mji huu. Shamba limo ndani ya ukuta, halionekani, lakini ndilo lililoamua ukuta uwe wa mviringo na uwe mrefu kiasi kile, kwa maana nafaka nyingi husukuma kuta kwa kila upande na umbo la pipa hulibeba vizuri shinikizo hilo.

Februari, mwanzoni

Rekodi ya pili bado ni ya Demuth, ila tumehama kutoka kwenye saruji kwenda kwenye bustani. Mama yake, Augusta, alikuwa na bustani nyuma ya nyumba, na maua yake ndiyo yaliyoingia kwenye picha za rangi za maji za mwanawe kwa miaka mingi: zinia, siklameni, pamoja na matunda na mboga za sokoni.

Nimemwomba dada asome polepole sehemu inayoeleza namna alivyofanya kazi. Anaanza kwa penseli, mistari myembamba ambayo hataifuta. Kisha anaweka rangi yenye maji mengi, na kabla haijakauka anainyonya kwa karatasi ya kukaushia wino, kwa hiyo katikati ya petali hupauka na ukingoni rangi hubaki imejikusanya, nzito, kama pwani ya kisiwa kwenye ramani. Sehemu kubwa ya karatasi anaiacha tupu. Ua linakaa katikati na weupe unalizunguka, na mara nyingine jani limeanzishwa kwa penseli tu na halikupakwa chochote.

Ukiweka zinia hizo karibu na My Egypt unaona mkono ni mmoja. Petali na miale vyote ni tabaka jembamba lililolazwa juu ya tabaka jingine hadi rangi ya tatu ikazaliwa. Sijui kwa nini vitabu vinamgawa mtu huyu katika sura mbili.

Chumba cha kurekodia kinatusumbua: bomba la kupashia nyumba joto linagonga kila mara. Tunarekodi asubuhi kabla halijawashwa, tukiwa tumevaa makoti.

Februari, wiki ya tatu

Charles Sheeler, sehemu ya kwanza. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1883, mwaka uleule na Demuth, jimbo lilelile. Yeye na rafiki yake Morton Schamberg walikodi nyumba ya mawe huko Doylestown, kaunti ya Bucks, iliyojengwa 1768, wakawa wanakwenda huko kupumzika na kufanya kazi. Schamberg alikufa mwaka 1918 katika lile janga la homa ya mafua. Sheeler aliipiga picha nyumba hiyo ndani, ngazi, dirisha, jiko la chuma, na hukohuko akaanza kuchora mabanda ya mashamba ya jirani.

Tumechagua mchoro wa 1917, Barn Abstraction, ambao uko Philadelphia Museum of Art. Ni karatasi na chaki nyeusi, basi. Banda la Pennsylvania lina upande wa mawe na upande wa mbao, na huongezwa vyumba kadiri familia na mifugo vinavyoongezeka. Sheeler ameweka kuta, mapaa, na milango michache. Hakuchora ardhi, mti wala mstari wa upeo wa macho. Banda limekaa juu ya weupe.

Nilitarajia wazee walione kuwa halijakamilika. Papa aliitazama picha kwenye simu kwa muda, akaikuza kwa vidole, akasema:

"Huyu amejua kuta zipi zilijengwa kwanza."

Akatuonyesha. Ukuta wa mawe ndio mama, ule wa mbao umekuja baadaye ukaegemezwa, na kile kibanda cha pembeni ni cha mwisho, mapaa hayalingani kimo. Aliisoma historia ya familia fulani ya wakulima kutoka kwenye mistari michache. Nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimelipata kitabuni: Sheeler ameondoa shamba lakini amebakiza matokeo yake. Mabanda yale hayakuchorwa na msanifu yeyote. Yalijengwa kwa mawe ya palepale na kwa mahitaji ya kila msimu, na umbo lake ni kumbukumbu ya mvua, nyasi na ng'ombe. Baada ya mazungumzo hayo niliitupa nusu ya maelezo yangu, nikamwachia Papa kipaza sauti.

Pembeni, jambo moja ambalo lazima liingie mahali fulani kwenye mfululizo. Mwaka 1914 ukumbi wa mpiga picha Alfred Stieglitz ulioitwa 291, kwenye Fifth Avenue, New York, ulionyesha vinyago vya Afrika Magharibi na Kati vilivyoazimwa kutoka kwa Paul Guillaume, mfanyabiashara wa sanaa wa Paris. Jina la maonyesho liliwaita waliovichonga washenzi, na papo hapo likavitangaza kuwa mzizi wa sanaa ya kisasa. Miaka michache baadaye Sheeler alilipwa kupiga picha za vinyago vya Kiafrika kwa ajili ya Marius de Zayas, mwenye ukumbi wa sanaa New York. Alikuwa anavimulika vinyago na kuchora mabanda katika kipindi kilekile: nyuso kubwa zilizokatwa wazi, ukuta wa mwanga na ukuta wa kivuli. Wachongaji wale hawakuandikwa majina. Tutasema hivyo kwa sauti kubwa, kwa maana wasikilizaji wetu wanastahili kujua kwamba mikono ya bara lao ilikuwemo kwenye chumba ambamo usasa wa Marekani ulizaliwa.

Machi, mwanzoni

O'Keeffe amenichukua wiki nzima, na sioni ubaya.

Tunaanza na sheria. Mwaka 1915 jengo la Equitable lilimalizika chini kabisa mwa Manhattan, limepanda wima kutoka ukingo wa barabara hadi juu bila kupungua hata kidogo, na kivuli chake kikafunika ekari kama 7 za mji. Majirani walikosa jua, wapangaji wakahama, thamani ya majengo ya kando ikashuka. Mwaka uliofuata New York ikapitisha sheria ya mipango miji ya 1916. Haikukataza urefu. Ilitaka jengo lirudi nyuma ngazi kwa ngazi kadiri linavyopanda, ili mwanga na hewa vifike barabarani, na mnara ungeweza kwenda juu utakavyo ilimradi usizidi robo ya eneo la kiwanja. Umbo la maghorofa ya New York ya miaka ya 1920, yale yanayopanda kama vidato, limechongwa na haki ya mtu wa chini kuliona jua.

Hoteli ya Shelton, kwenye Lexington Avenue, ilichorwa na msanifu Arthur Loomis Harmon na ilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza marefu yaliyofanya sheria hiyo ionekane nzuri. O'Keeffe na Stieglitz, waliooana 1924, walihamia humo mwaka 1925, wakaishi juu sana, hadi ghorofa la 30. Wanaume waliomzunguka walimshauri asichore New York. Alichora New York Street with Moon mwaka huohuo, na ilipoonyeshwa mwaka uliofuata ikanunuliwa siku ya kwanza.

Picha yetu ni The Shelton with Sunspots, N.Y., ya 1926, iliyoko Art Institute of Chicago. Yeye mwenyewe alieleza ilivyotokea: alitoka asubuhi moja, akainua macho, na jua lilikuwa limeumega upande mmoja wa mnara, huku madoa ya mwanga yakielea juu ya jengo na juu ya anga.

Rekodi inakwenda hivi. Upo barabarani, umeinua uso. Mnara wa kahawia umesimama katikati, mpana chini, mwembamba juu, madirisha yake ni vistari tu. Upande mmoja juu, karibu na kilele, ukuta haupo. Pametafunwa. Mahali pa matofali pana duara la mwanga mkali unaopofusha, na kingo za jengo kando yake zimeyeyuka. Kutoka hapo madoa ya mviringo yameteremka na kutawanyika, mengine ya njano, mengine yamekolea, yanapita juu ya ukuta na juu ya anga bila kujali kipi ni kipi. Ni madoa yaleyale unayoyaona ukipiga picha kwa simu huku jua likiingia kwenye lenzi, na O'Keeffe aliishi na mpiga picha. Pembeni mvuke au moshi unapanda kwa mawimbi laini, mistari pekee iliyopinda kwenye mji wa mistari iliyonyooka.

Jengo lililopewa umbo na sheria ya kulilinda jua, na ndani ya picha jua limekuja kulila. Sina ushahidi kwamba alikuwa anaifikiria sheria alipokuwa akichora, wala hahitaji kuwa aliifikiria. Alikuwa anaona kila asubuhi matokeo yake kutoka dirishani.

Dada anayesoma alinasa mara kadhaa kwenye neno "pametafunwa", akataka tuweke "pamefunikwa". Nilikataa. Kufunikwa kuna heshima mno. Jua la picha ile lina meno.

Machi, katikati

John Marin, kwa ufupi, maana rekodi yake imetoka nzuri kwa wepesi. Alizaliwa 1870 New Jersey, na kabla ya kuwa mchoraji alifanya kazi ya usanifu majengo, kwa hiyo alijua vizuri ghorofa linavyosimama. Mwaka 1912, ghorofa la Woolworth la New York, kazi ya msanifu Cass Gilbert, likiwa bado linamaliziwa, alilichora kwa rangi za maji mara nyingi, na kila mara linayumba, linapinda kiuno, majengo madogo yanalisukuma kutoka chini. Picha hizo zilionyeshwa kwenye ukumbi wa 291 mwanzoni mwa 1913, na nyingine kwenye Armory, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa, mwezi Februari na Machi. Woolworth lilifunguliwa Aprili mwaka huo, mita 241, refu kuliko yote duniani hadi 1930. Kwenye maelezo yake Marin aliandika kwamba kama watu na wanyama ni hai, basi na majengo lazima yawe hai pia, yanavutana na kusukumana. Mwaka 1914 alikwenda Maine kwa mara ya kwanza, na tangu hapo alirudi karibu kila kiangazi kuchora miamba na bahari kwa mikwaju ileile.

Jambo la kuonyesha kwa karibu ni picha ya 1922 iliyoko MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, iitwayo Lower Manhattan, aliyoitunga akiwa anatazama chini kutoka juu ya Woolworth. Mkaa na rangi za maji, barabara zinachipuka pande zote. Chini kuna kitu kama jua kilicholipuka, na hicho hakikuchorwa moja kwa moja kwenye karatasi. Marin alikikata kwenye kipande kingine cha karatasi, akakishona kwa uzi. Mishono inaonekana. Mama alitaka kujua kama ni uzi wa kawaida wa kushonea nguo, na alipoambiwa ni uzi, alicheka kwa furaha akasema huyu sasa ni fundi.

Machi, mwishoni

Sheeler, sehemu ya pili, na hapa wazee na mimi hatukuwa na furaha.

Mwaka 1927 wakala wa matangazo wa Philadelphia, N. W. Ayer, alimtuma Sheeler kwenye kiwanda cha Ford cha River Rouge, Dearborn, Michigan, wakati kampuni inajiandaa kutoa gari la Model A. Alikaa wiki 6 akipiga picha. Humo yalikuwemo matanuru, gati, kiwanda cha vioo, kiwanda cha saruji iliyotengenezwa kutokana na mabaki ya kuyeyusha chuma. Miaka michache baadaye picha hizo zikawa michoro ya rangi za mafuta. Aliyoichora 1930, iliyoko MoMA, akaiita American Landscape, yaani mandhari ya Marekani, na ya 1931, iliyoko National Gallery of Art kule Washington, akaiita Classic Landscape.

American Landscape ina kila kitu ambacho picha ya mandhari ya zamani inatakiwa kuwa nacho. Mto upo, ila ni mfereji uliochimbwa, ukingo wake umenyooka. Mlima upo, ila ni lundo la malighafi. Mnara wa kijijini ni bomba refu la moshi, na moshi wake unaingia mawinguni bila mpaka. Mabehewa yamepangana ambapo ungetegemea kuona ng'ombe. Maji yametulia, yanarudisha sura ya majengo. Ni nzuri. Sitaki kuficha kwamba ni nzuri: kijivu, kahawia na buluu iliyopauka vimepimwa kwa mizani.

Na kuna mtu mmoja. Unamtafuta hadi unampata kwenye reli, mdogo kuliko ukucha. Kiwanda kile kiliajiri makumi ya maelfu.

Papa amefanya kazi kwenye maghala makubwa ya huku tangu afike. Aliuliza wako wapi wengine. Sikumjibu kwa niaba ya mchoraji. Nimeweka kwenye rekodi kile kilichotokea: mdororo wa uchumi ulianza 1929, maelfu wakapoteza kazi, na tarehe 7 Machi 1932 wasio na kazi waliandamana kutoka Detroit kwenda kwenye kiwanda hichohicho kudai kazi na msaada. Polisi wa Dearborn na walinzi wa kampuni walifyatua risasi. Watu 4 waliuawa, na wa 5 akafa baadaye kwa majeraha. Mwaka huohuo Sheeler alimaliza picha nyingine ya Rouge, tulivu vilevile.

Hukumu yangu imo kwenye rekodi na sitaiondoa. Alipochora banda la Bucks, kuondoa watu hakukuumiza, maana mikono ya waliojenga ilibaki kwenye mawe, na Papa aliiona. Rouge iliondoa mikono kwanza, Sheeler akakuta ukuta usio na kumbukumbu, akauchora kwa uaminifu. Picha inasema kweli kuhusu mahali palipomeza mto, mlima na mtu. Ila anayeisikiliza kwenye basi saa 12 asubuhi ana haki ya kupewa na ile habari ambayo picha haina.

Elsie Driggs nimemweka hapohapo kwa dakika chache. Picha yake Pittsburgh, ya 1927, iko Whitney: mabomba meusi ya kiwanda cha chuma cha Jones and Laughlin, makubwa, yamelazwa na kusimamishwa kwenye ukungu, yanang'aa kwa mbali. Alikuwa ameliona eneo lile akiwa mtoto, ndani ya treni usiku, na akalibeba moyoni. Nyaya nyembamba mbele ya mabomba zinaipa picha pumzi.

Aprili, mwanzoni

Oscar Bluemner alikuwa ameachwa nje ya orodha, nimemrudisha. Alizaliwa Prenzlau, Ujerumani, mwaka 1867, akasomea usanifu majengo Berlin, akahamia Marekani miaka ya 1890. Alichora ramani ya mahakama ya Bronx na sifa ikaenda kwa mwingine. Alidai haki yake kortini, na baadaye akauacha usanifu akawa mchoraji. Stieglitz alimwonyesha mwaka 1915 kwenye 291.

Alichora miji ya viwanda ya New Jersey, hasa Paterson, mji wa hariri ulioota kando ya maporomoko ya maji. Nyumba zake ni nyekundu. Wekundu wa moto kabisa, na kando yake miti ya kijani iliyokolea imekatwa kwa kingo zilezile za mapaa, na mfereji unapita katikati ukiwa umebeba rangi za pande zote mbili. Kwake mti una paa na nyumba ina shina. Rekodi yake ni fupi kwa sababu picha zenyewe zinaeleza haraka, lakini wasikilizaji wa kwanza tuliowapa wamempenda kuliko Sheeler.

Aprili, wiki ya tatu

Rekodi ya mwisho ilipangwa kuwa kanisa la Ranchos, na ndiyo iliyoleta mazungumzo marefu kuliko zote.

Mwaka 1929 O'Keeffe alikwenda New Mexico kwa msimu mzima, na kuanzia mwaka huo hadi 1931 alilichora mara kadhaa kanisa la San Francisco de Asís, huko Ranchos de Taos, lililokamilika mwanzoni mwa karne ya 19. Mara nyingi alilichora kwa nyuma. Hakuna mlango, dirisha wala msalaba upande huo. Kuna ukuta mnene wa udongo, na nguzo za kuegemeza ambazo ni mafungu makubwa ya udongo yenye mabega ya mviringo, hayana kona hata moja. Rangi ya ukuta na rangi ya ardhi ni ile ile, na pale zinapokutana hakuna mstari. Juu ni anga la buluu lenye mawingu, na kingo za kanisa zinapindapinda pamoja na mawingu.

Niliwaeleza kwamba kanisa lile limejengwa kwa matofali mabichi ya udongo na majani makavu, na kwamba kila mwaka waumini hukusanyika kulikandika upya, maana mvua na theluji hulila kidogokidogo. Mwaka 1967 lilipigwa plasta ya saruji ili kazi hiyo iishe. Maji yakaingia nyuma ya saruji, yakakosa njia ya kutokea, udongo ndani ukaanza kuoza. Mwaka 1979 wakabandua saruji yote wakarudi kwenye udongo.

Mama alikuwa amekwisha kujua mwisho wa hadithi kabla sijafika. "Udongo unapumua," alisema, "ukiuziba unakufa." Akaanza kueleza namna walivyokuwa wakikandika nyumba kwao: udongo wa wapi, unakanyagwa muda gani, majani yanakatwa urefu gani, unaanzia juu au chini, na kwa nini mkono wa mwisho hupitishwa ukiwa na maji tu ili kuziba nyufa. Papa, mtu wa mawe na saruji, alimbishia kuhusu msingi. Nilikuwa nimeacha kinasa sauti kinaendelea. Kisha Mama akairudia picha, akaonyesha kwa kidole pale bega la nguzo linapopokea mwanga, akasema mapindo yale si mapambo, ni alama za viganja, kwa kuwa kona ya udongo haikai, kila mwaka mkono huilainisha tena.

Sasa tunakata na kupanga. Mama anataka Ranchos itangulie mfululizo mzima, Demuth afuate, na Rouge iende mwisho. Dada anaona msikilizaji aanzie mjini kwake, Lancaster. Mimi nimeelekea kwa Mama, kwa sababu mtu akishasikia ukuta unaotoka ardhini na kurudi ardhini, ataisikiliza saruji ya My Egypt kwa sikio jingine, na atafika Rouge akijua kilichokosekana. Uhariri wa Ranchos unaanza Jumatatu. Mazungumzo ya wazee kuhusu msingi nitayaacha yote.